Katibu Aliyekuja na Sanda Yake

"Soma!"

Kiatu cha Abdul kilikuwa bado juu ya shingo ya Nasiri. Hapo ndipo tulipoachana, wasomaji wangu, na wengine wenu mmenitumia matusi wiki nzima kwa sababu hiyo. Haya, tusipoteze muda.

Kwa aliyekosa gazeti: Nasiri Assumani ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Mwambao, chama cha wenye boti za uvuvi hapa ziwani, mtu wa pili kwa ukubwa kwenye ufuo wote, kuanzia Muhuta mpaka Gatete. Wa kwanza ni Mzee Amur, Mwenyekiti, ambaye kwa miaka thelathini hakuna boti iliyoshuka majini bila neno lake. Ijumaa hii, mara tu baada ya swala, Nasiri alipanda ghorofani kwa Mzee, pale Magara, akaingia barazani na barua mkononi na sanda yake mwenyewe kwapani.

Barua ilikuwa ya ukweli. Sanda ilikuwa ya jibu.

Sasa ile sanda ilikuwa imekunjuka sakafuni hadi miguuni pa wajumbe kumi na wawili wa baraza, na Nasiri alikuwa amelala juu yake kifudifudi.

"Nimesema soma," Abdul alirudia. Huyu ni shemeji yake Mzee, kaka wa mke mdogo, na ndiye mkuu wa vijana wa doria, wale wanaolinda ufuo kwa rungu na panga.

Nasiri akasoma. Sauti ilimtoka imebanwa, lakini ilitoka.

"'Kwako Mwenyekiti. Wavuvi wa Gatete wanalia. Boti ya Niyonkuru ilichomwa moto mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani. Mwanao Mustafa alikuja kukueleza, ukamfukuza nyumbani kama mwizi. Muzee wangu, unadanganywa. Aliye karibu yako anakuziba macho na masikio, na jina lake ni...'"

Kiatu kilitoka shingoni kikashuka kwenye mkono wa kulia. Abdul aliukanyaga kwa uzito wake wote, akazungusha kisigino. Vidole vitatu vililia kwa mpigo mmoja, na mjumbe mmoja mzee akageuza uso kuangalia ziwa.

Nasiri alipiga ukelele uliosikika hadi kwa wanawake waliokuwa wakianika samaki wadogo wa ndagala chini ufuoni. Kisha akavuta pumzi, akamalizia sentensi yake.

"Jina lake ni Abdul."

* * *

Mtu anafikaje mahali pa kununua sanda yake mwenyewe?

Nasiri alianza kazi ufuoni kwa kupima samaki. Mzee Amur alimwona ana mwandiko mzuri na mdomo mzito, akampenda, akamtafutia nafasi ya masomo. Miaka mitatu alikaa Wuhan, kule China, akisomea ufugaji wa samaki. Alirudi na cheti, na kikohozi cha baridi ambacho hakikumwacha, na hadithi za mwalimu mmoja mzee aliyekuwa akimkaribisha chai Jumapili na kumsimulia habari za mawaziri wa wafalme wa zamani.

Mmoja wa mawaziri hao alimwandikia mfalme wake barua ya kumwambia makosa yake. Kabla ya kuipeleka, alinunua jeneza, akaaga familia.

Nasiri aliisikia hadithi hiyo akiwa kijana, akacheka. Akarudi nyumbani, akawa Katibu, na kwa miaka ishirini na miwili hakuandika barua ya namna hiyo hata moja. Aliandika nyingine. Fulani asishuke majini miezi sita. Nyavu za fulani zichukuliwe. Na juzijuzi: Mustafa mwana wa Amur asikanyage Magara. Kila amri iliyoumiza mtu kwenye ufuo huu iliandikwa kwa mkono wake mzuri, na chini ikawekwa sahihi yake na kashe, ule mhuri wa Umoja.

Wiki tatu zilizopita boti ya Niyonkuru iliungua, na Nasiri akashindwa kula.

Alhamisi alikwenda Rumonge mjini kununua kitambaa cheupe.

"Poleni," muuza duka alimwambia. "Nani amefariki?"

"Bado," Nasiri akajibu.

Mkewe, Kaoutar, alimshikia upande mmoja wa kile kitambaa wakakikunja pamoja asubuhi, kama wanavyokunja shuka kila siku. Nasiri alipofika mlangoni ndipo mama yule alipokaa chini kwenye kizingiti akajifunika uso kwa mtandio.

* * *

"Abdul, toa mguu," Mzee Amur alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Siku zote ilikuwa ndogo. Watu ndio waliokuwa wakinyamaza ili waisikie. Alikaa kwenye kiti chake kipana na kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, miaka sabini na minane, mgongo umenyooka.

"Muzee, huyu ametukana nyumba yako..."

"Toa mguu."

Mguu ukatoka. Nasiri akajiinua akapiga magoti, mkono uliovunjika ameukumbatia kifuani.

Mzee aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. "Nyinyi wote ni wenye boti. Mumesikia barua. Nani anakubaliana na Katibu?"

Mmoja alijifuta jasho. Mwingine alianza ghafla kuikagua feni ya darini.

"Hakuna?" Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Abdul. Ulimuchoma mutu?"

"Oya, hapana, Muzee! Niyonkuru alikuwa mulevi. Taa ya petroli ilimwangukia mwenyewe. Naapa."

"Nasiri, unasema alimuchoma. Ushahidi iko wapi?"

"Iko hapa hapa, Muzee."

"Wapi?"

"Chini, nyuma ya jiko la kukausha samaki, kati ya wale wanawake wa sokoni. Ni Niyonkuru mwenyewe."

Abdul alicheka. Kicheko kilimfia mdomoni alipoona hakuna mwingine anayecheka. Akaruka kuelekea mlangoni, lakini Mzee aliinua kidole kimoja tu.

"Abdul kaa. Samy, shuka umulete huyo mutu. Nataka afike hapa anatembea."

Samy alikuwa makamu wa Abdul kwenye doria, kijana mrefu asiyesema. Alishuka. Baraza zima likahesabu hatua zake kwenye ngazi, zikishuka, kisha zikipanda, na sasa zilikuwa hatua za watu wawili.

Aliyeingia alijitanda kitenge cha kike kuanzia kichwani. Akakivua.

Upande wa kushoto wa uso wake haukuwa na sikio. Ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa, imekazana kuanzia shavuni hadi begani, na jicho moja lilikuwa limefungwa kwa nyama yake yenyewe. Mjumbe aliyekuwa karibu na mlango alitapika kwenye kofia yake.

"Amahoro, Muzee," alisema Niyonkuru.

"Amahoro. Sema."

"Walinikuta nashona wavu ndani ya boti, Gatete, saa saba mchana. Batu watano. Walinifunga miguu kwa kamba yangu mwenyewe. Wakachota petroli ya jenereta yangu wakanimwagia. Wakasukuma boti ndani ya maji, ndio wakatupa kiberiti." Alisimama kumeza mate, hata kumeza kulimuuma. "Kamba ilitangulia kuungua, ndio iliniponesha. Nikajitupa. Nikaogelea chini kwa chini hadi kwenye matete. Siku mbili nililala humo."

"Ulimuona nani?"

"Abdul huyu."

Wajumbe wakanong'ona. Abdul alikuwa amesimama, jasho likimtiririka mashavuni. Nasiri alifumba macho. *Yametimia*, alijiambia. *Sasa Mzee amefunguka macho, na mimi hata wakinizika leo, sawa.*

"Lakini sijamaliza," Niyonkuru akasema.

Nasiri akafumbua macho.

"Mbele ya kuniwasha, Abdul alinisomea karatasi. Nilimwambia anioneshe, mimi najua kusoma. Akanionesha. Ilikuwa amri ya Umoja. Iko na kashe. Na chini iko na sahihi." Akainua mkono uliojaa makovu, akanyoosha kidole. "Ya huyu."

Kidole kilimwelekea Nasiri.

"Huyu, Bwana Katibu. Alinitoa kwenye dispensari kule Muhuta, akanificha wiki mbili kwenye nyumba ya shangazi yake. Alinilisha kwa mukono wake. Alinifunga bandeji. Na mimi nilinyamaza kimya, nilingoja siku kama ya leo nimuulize mbele ya batu." Jicho lake moja lilikuwa limejaa machozi. "Bwana Katibu, nilikukosea nini?"

* * *

Wasomaji wangu, Nasiri hakuwa ameandika amri hiyo. Mnaweza kumwamini, mimi namwamini.

Lakini sahihi ilikuwa yake, na alijua imetoka wapi.

Kila mwezi alikuwa akiweka sahihi karatasi kumi tupu. Mzee alipenda hivyo, ili Katibu akiwa safarini kazi isilale. Karatasi hizo zilifungiwa kwenye kabati la chuma la chumbani kwa Mzee. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulining'inia shingoni mwa Mzee Amur, usiku na mchana, hata akienda kuoga.

Abdul asingeweza kuipata karatasi ile. Ilibidi apewe.

Hapo ndipo Nasiri alipoikumbuka sehemu ya mwisho ya maneno ya yule mwalimu wa Wuhan, ile aliyoisikiliza nusunusu akinywa chai. "Mawaziri wote," mzee yule alisema, "waliandika kwamba mfalme anadanganywa. Iliwapendeza kuamini hivyo."

Nasiri aliinua uso.

Mzee Amur alikuwa akimtazama. Hapakuwa na hasira kwenye macho yale. Palikuwa na kitu kibaya zaidi: kidogo tu, kama huruma, kama baba anayemwona mwanawe mkubwa ndiyo kwanza anatambua jambo ambalo wadogo zake wanalijua zamani.

Nasiri akafungua mdomo.

Mzee akamuwahi.

"Abdul!" Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi aliinua sauti, na wajumbe walishtuka kwenye viti. "Umeingia chumbani kwangu! Umeiba karatasi ya Katibu ukachoma mutu kwa jina la Umoja! Samy, mushike!"

Abdul alimtazama Mzee, akamtazama Samy anayemjia, akamtazama Mzee tena.

"Nimeiba?" alisema. "Mimi? Muzee... si wewe ulinipa? Kwa mukono wako! Ulisema huyu Niyonkuru anawatia wenzake kichwa kikubwa. Ulisema nisimuache apone!"

"Mushike nimesema!"

"Nimekutumikia kama mbwa!" Abdul alilia, na alilia kwelikweli, makamasi na machozi. "Kama mbwa, Muzee! Na wewe unanichinja kwa ajili ya huyu mwandishi?"

Samy alimfikia. Abdul alimpiga kichwa cha pua, damu ikaruka, akachomoa panga la doria ukutani na kuvuka baraza kwa hatua tatu, panga limeinuliwa kwa mikono miwili juu ya kile kichwa chenye mvi.

Na hapa nawaambia jambo ambalo Nasiri mwenyewe hajawahi kulielewa.

Mwili wake uliondoka kabla ya akili. Mtu aliyejua, dakika moja iliyopita, nani hasa aliyeamuru Niyonkuru amwagiwe petroli, mtu aliyepaswa kukaa palepale kwenye sanda yake na kuacha panga lishuke, aliruka. Miaka ishirini na miwili iliruka pamoja naye. Akaanguka kifuani kwa Mzee Amur, na panga likamwingia yeye begani hadi kwenye mfupa.

Abdul alilivuta. Halikutoka. Akakanyaga mgongo wa Nasiri ili apate nguvu ya kulichomoa.

Mlio mmoja. Kisha wa pili.

Mzee Amur alikuwa amepitisha mkono chini ya kwapa la Nasiri, na mkononi alikuwa na bastola ndogo nyeusi aliyoitoa chini ya mto wa kiti. Abdul alirudi nyuma, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akajishika tumbo, akashangaa kuona mikono inavyojaa.

"Jokha," akaita. "Dada..."

Mlango wa ndani ulifunguka. Jokha, mke mdogo wa Mzee, alikimbia bila viatu, akateleza kwenye damu, akamdaka kaka yake kichwa. Alikuwa bado akimpangusa mdomo kwa ncha ya mtandio wakati macho ya Abdul yalipoacha kumwona.

Mama huyo aliinua uso tu akamtazama mumewe.

* * *

"Marehemu alisema maneno mengi," Mzee alisema. Bastola ilikuwa imerudi chini ya mto. "Kuna mutu aliyesikia?"

Wajumbe kumi na wawili walitazama miguu yao.

"Hatukusikia kitu, Muzee," mkubwa wao akajibu.

"Vizuri. Samy, huyu Niyonkuru apelekwe chini, atafutiwe muganga. Na boti mupya atapata. Batu wajue Umoja hauonei mutu."

Samy, pua inavuja, alimshika Niyonkuru mkono wakatoka.

Kisha Mzee akamgeukia Nasiri, aliyekuwa ameegemezwa ukutani huku wajumbe wawili wakimkaza bega kwa kipande cha ile sanda. Akamwinamia karibu sana.

"Umeniokoa, mwanangu," alisema, lakini kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Barua yako ilikuwa ya kweli. Nimemukosea Mustafa. Andika arudi nyumbani. Leo hii. Mimi baba yake nimemusamehe, na yeye anisamehe."

Baraza lililipuka kwa takbiri. Watu wazima walikumbatiana. Chini ufuoni, habari ilipowafikia, wanawake walipiga vigelegele hadi boti zilizokuwa mbali zikazima injini kusikiliza.

Nasiri alijua yaliyo kwenye kabati la chuma. Alijua. Lakini alikuwa amepoteza damu nyingi, na neno lile alilingoja tangu siku aliyoandika amri ya kumfukuza yule kijana ambaye yeye Nasiri ndiye aliyemfundisha kusoma utotoni. Mtu huweza kujua jambo na bado akataka lisiwe.

Aliandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikwenda upande kama kaa. *Mustafa, rudi nyumbani. Baba yako anakungoja. Ni mimi Nasiri.* Akaweka sahihi iliyopinda. Pikipiki ikaondoka na barua kuelekea Gatete saa tisa kasoro.

* * *

Walimlaza kwenye chumba cha wageni. Alizinduka kwa sababu mtu alikuwa amemziba mdomo.

Ilikuwa Jokha. Damu ya kaka yake ilikuwa imeshaanza kukauka kwenye gauni.

"Nyamaza. Unaweza kusimama?"

"Mama, hupaswi kuwa huku..."

"Simama, Bwana Katibu. Nataka nikuoneshe kitu."

Alimshika kiuno wakashuka ngazi za nyuma, hatua moja, pumzi mbili, hadi kwenye chumba cha kuhifadhia nyavu. Jokha akasukuma mlango kwa mguu.

Niyonkuru alikuwa amekaa ameegemea rundo la nyavu. Kichwa chake kilikuwa kimeangalia nyuma, upande ambao kichwa cha mtu hakiangalii. Jicho lake moja lilikuwa wazi.

Nasiri alishika ukuta.

"Huyo ndiye anatafutiwa muganga," Jokha alisema. "Na ile barua yako, unajua ni ya nini? Nilikuwa nyuma ya pazia Muzee akimwambia Samy. Mustafa akiwa Gatete iko na batu wake, hawezi kuguswa. Akitoka peke yake na furaha yake kwenye barabara, ni mutu mumoja ndani ya gari moja. Kwenye kona ya mawe, pale mulima unaposhuka hadi kwenye maji. Itasemwa ni batu wa Abdul wamelipiza."

"Kwa nini unaniambia wewe? Mustafa si mwanao. Humpendi."

"Simupendi." Akatoa simu yake akampa. "Lakini namutaka muzee yule abaki duniani na adui aliye hai. Kaka yangu alikuwa mubaya, najua. Alikuwa mubaya kwa amri."

Nasiri alimpigia Mustafa kwa simu ya Jokha. Ililia hadi ikakata. Akapiga tena. Ikalia hadi ikakata.

"Mulango wa nyuma iko wazi," Jokha akasema. "Nenda."

* * *

Dereva wa pikipiki aliyembeba hakuuliza chochote alipoona bega lile. Alipiga gia tu. Nasiri alimkumbatia kwa mkono mmoja, shavu mgongoni mwake, na kila shimo la barabara lilimpasua upya. Kulia kwake ziwa lilikuwa jeupe kwa jua la saa kumi. Kushoto mlima. Mashamba ya michikichi yalipita, na kituo cha mafuta, na watoto waliouza maembe wakapunga mikono kisha wakaishusha walipoona damu.

Alikuwa na mpango mmoja tu. Doria wote walimjua. Walimwogopa. Kwa miaka ishirini na miwili, sauti yake kwao ilikuwa sauti ya Umoja. Angefika kwenye kona, angesimama katikati ya barabara, angesema *amri imefutwa, rudini Magara*, na wangerudi. Hakuna aliyewahi kumuuliza Katibu Mkuu karatasi.

"Hapo hapo," alimwambia dereva.

Kona ya mawe ilikuwa tulivu. Lori lilikuwa limeegeshwa kando, boneti juu, kama gari bovu. Vijana sita walikaa kivulini wakila karanga. Walipomwona walisimama wote kwa heshima, mmoja akatema maganda haraka na kujifuta mdomo.

Nasiri alishuka. Akawasogelea.

"Amahoro," alisema kwa ile sauti yake ya barazani. "Nani mkubwa hapa?"

"Mimi, Bwana Katibu."

Samy alitoka nyuma ya lori. Pamba mbili zilikuwa zimechomekwa puani, na mkononi alikuwa na rungu lenye misumari.

"Amri imefutwa, Samy. Pandeni kwenye lori, rudini Magara. Ni neno langu."

"Ndiyo, Bwana Katibu."

Lakini hakuna aliyepanda. Nyuma ya Nasiri, pikipiki iliyomleta iligeuza na kuondoka kwa kasi. Na mbele, mbali, kwenye upande wa Gatete, gari dogo jeupe lilikuwa likija kwenye mzunguko wa ufuo, taa zimewashwa mchana, honi ikipigwa kwa furaha kama ya arusi. Ndani yake kijana alikuwa ametoa mkono dirishani. Alikuwa akipunga karatasi.

"Samy," Nasiri alisema. "Hukunisikia?"

"Nimekusikia, Bwana Katibu." Samy alisogea, na alikuwa na aibu kidogo usoni, kama mtu anayetumwa kwa mkubwa wake. "Muzee alisema utakuja. Na alisema ukija, tuanze na wewe."